Marejesho ni Ijumaa

Mzigo ulikuwa na viatu vya shule jozi mbili, dawa za presha za miezi mitatu, simu iliyotumika na pakiti kubwa ya chokoleti ambayo mwenyewe alinisihi nisiifungue njiani. Sisi wa Afrika Mashariki tunalijua jambo hili. Ukitamka tu kwamba unasafiri, begi lako si lako tena. Nilidhani ni ugonjwa wetu peke yetu, kumbe na watu wa Guatemala wanao.

Mwenye mzigo ni mwenzangu kazini hapa Houston, tunapiga zamu za usiku hospitalini. Kwao ni kijiji kimoja kando ya Ziwa Atitlán, na hajarudi miaka 11 kwa sababu karatasi zake hazijakaa sawa. Mimi zangu zilikuwa sawa, nilikuwa na likizo ya siku tisa, na nauli ya Guatemala haifiki hata nusu ya ile ya kwenda Dar. "Nenda ukamsalimie mama," akaniambia. Nikaenda, na huko nikakutana na habari ya wafumaji na mikopo midogo.

Ukifika Panajachel unapanda boti ya injini, wao wanaiita lancha, na kila mtu atakushauri upande asubuhi. Mchana ziwa linavamiwa na upepo wanaouita Xocomil, na boti zinaanza kurukaruka kama bodaboda kwenye rasta. Volkano tatu zimesimama upande wa pili: San Pedro, Tolimán na Atitlán yenyewe. Mimi nimekulia Muheza, milima ya Usambara naiona tangu utotoni, lakini hii ilinifanya ninyamaze njia nzima.

Mama nilimkuta uani, amepiga magoti juu ya mkeka, amefungwa kwenye mti wa parachichi. Nasema amefungwa kwa sababu ndivyo macho yalivyoniambia. Kitanda cha mfumi, yaani chombo cha kufumia nguo, cha wanawake wa Kimaya, wenyeji wa asili wa huko, hakina fremu wala miguu. Ni vijiti kadhaa na kamba. Upande mmoja unafungwa kwenye mti au nguzo, upande wa pili unaishia kwenye mkanda mpana unaopita nyuma ya kiuno cha mfumaji. Akiegemea nyuma, nyuzi za mtande zinakaza. Akisogea mbele kidogo zinalegea, anainua zile anazozitaka, anapitisha uzi wa mshindio, kisha anaushindilia kwa ubao uliolainika kwa miaka ya kushikwa. Tak, tak. Akiinuka kwenda kutazama maharage jikoni, mashine yote inalala chini kama wavu.

Nikataka kuonyesha adabu. Nikamwambia binti yake mdogo, aliyekuwa mkalimani wangu kutoka Kitz'utujil, lugha yao ya Kimaya, kwenda Kihispania changu cha wodini, kwamba mama anajua sana kudarizi. Binti akacheka, akamtafsiria, mama naye akacheka akiwa bado amefungwa kwenye mti. Hakuna darizi pale. Wale ndege, nyota na nyoka wa kupindapinda huingizwa humo humo wakati kitambaa kinafumwa, kwa kuhesabu nyuzi kwa vidole: inua tatu, ruka mbili, pitisha rangi, rudi. Ndege mmoja wa upana wa vidole viwili alimchukua dakika 40, maana nilitazama saa kisirisiri. Kabla ya hapo kuna kutandika nyuzi, na mahali pengine kuziloweka kwenye uji wa mahindi ili zikakamae zisikatike. Nguo anayoifuma inaitwa huipil kwa Kihispania cha huko; Wakaqchikel na Wak'iche', makabila mengine ya Kimaya, wanaiita po't. Ni blauzi ya vipande viwili au vitatu vilivyounganishwa, na tundu la kichwa katikati. Huipil ya kuvaa sikukuu inamla mtu miezi.

Dokezo moja nje ya mada, lakini lilinichekesha. Sketi zinazovaliwa na huipil hizo, wanaziita corte, kwa kawaida hazifumwi na wanawake. Zinafumwa na wanaume, kwenye vitanda vikubwa vya kukanyaga kwa miguu ambavyo Wahispania walivileta. Mgeni alipokuja na mashine akawapa wanaume, wanawake wakabaki na kiuno chao. Nina shangazi zangu wangelifurahia sana hilo.

Kila mji una huipil yake. Anayejua anakutazama tu anasema wewe ni wa Santiago, wewe ni wa Chichicastenango, wewe umetoka Nebaj kwa Waixil. Wakati wa vita ya wenyewe kwa wenyewe, iliyodumu kuanzia 1960 hadi 1996 na kuua au kupoteza watu wapatao 200,000, ujuzi huo uligeuka hatari. Mwanamke aliyekimbia kutoka mji uliotiliwa shaka na jeshi alivua nguo yake ili asitambulike. Tume ya ukweli iliyosimamiwa na Umoja wa Mataifa ilisema mwaka 1999 kwamba katika waathirika waliotambuliwa, asilimia 83 walikuwa Wamaya. Waliobaki wajane walibaki na watoto, na kazi iliyokuwa mkononi ilikuwa ile ya kiunoni. Mwaka 1988, mabunduki yangali yanalia, wajane waliunda chama chao, CONAVIGUA, na mwaka huohuo wafumaji wa nyanda za juu magharibi wakaanzisha ushirika wa TRAMA mjini Quetzaltenango. Halafu zikaja taasisi za mikopo. Friendship Bridge, kwa mfano, ilianza kukopesha huko mwaka 1998 na ina ofisi zake Panajachel, ikikopesha wanawake kwa vikundi na kuwapa somo kila wanapokutana. Zipo nyingine nyingi, nzuri na mbaya.

Hilo la mikopo sikulipata kwa kuuliza. Nililiona ukutani. Juu ya msumari, kando ya kalenda ya duka la dawa, palitundikwa daftari dogo limevalishwa nailoni. Moyo ulinipasuka kidogo, kwa sababu daftari hilo nalifahamu. Nimelitia sahihi mara elfu kadhaa.

Kabla ya Houston nilikuwa afisa mikopo Morogoro, miaka sita, kwenye kampuni ambayo haina haja ya kutajwa. Kazi yangu ilikuwa vikundi vya kina mama. Tunakutana Jumanne saa tatu asubuhi, viti vya plastiki chini ya mwembe, mwenyekiti, katibu, mweka hazina, na mimi na mashine yangu ya kuhesabia. Hakuna anayeondoka mpaka hela itimie. Mmoja akipungukiwa, wenzake wanachanga, na midomo inavyobinuliwa hapo ndiyo dhamana yenyewe. Siku hizi mtaani wana jina la mikopo ya aina hiyo: kausha damu. Wakati wangu jina halijasambaa, lakini damu ilikuwa inakaushwa vizuri tu.

Niwape hesabu moja, nimeibeba muda mrefu. Mama anakopa shilingi 300,000. Tunamwambia riba ni asilimia 3 kwa mwezi, na hapo kila mtu anatikisa kichwa kwamba ni ndogo. Asilimia 3 mara miezi 12 ni 36, kwa hiyo riba ni 108,000, deni lote 408,000. Tunagawa kwa wiki 48, kwa sababu kwetu mwezi ulikuwa na wiki nne, kalenda ya dunia ikatae ikitaka. Rejesho ni 8,500 kila Jumanne. Tatizo ni kwamba ile 300,000 haikai naye mwaka mzima. Wiki ya 24 ameshairudisha nusu, lakini anaendelea kutozwa riba ya 300,000 yote. Ukiipiga hesabu inavyostahili kwa deni linalopungua, riba halisi inakaribia asilimia 70 kwa mwaka. Hilo tulifundishwa kwenye semina, hotelini, na tukaambiwa tusiwachanganye wateja.

Kwenye kikundi kimoja nilikuwa na mama mfuma mikeka. Alisuka ukili, akaunga, akatia rangi zambarau na kijani, mikeka ya kulalia maharusi. Kila wiki alikuwa na pengo. Muuza vitumbua analipa, muuza mkaa analipa, mama wa mitumba analipa, yeye anatazama chini. Nikamwandika mdaiwa sugu, na awamu iliyofuata akakatwa. Leo nikiulizwa nilikosea wapi, sitasema ni ukali, maana mkali sikuwa. Nilikosea kutojiuliza mkeka mmoja unakwisha baada ya siku ngapi.

Basi nikaomba kulitazama lile daftari la ukutani. Mama akaniruhusu kwa kidevu. Quetzal (hela ya huko) 3,000, miezi 10, kikundi cha wanawake saba, mkutano Ijumaa ya pili ya mwezi. Rejesho 370. Nilimuuliza riba ni ngapi. "Ni 370, seño," akasema, na binti hakuhitaji kutafsiri. Riba hakuijua, kama ambavyo wateja wangu hawakuijua. Mkopaji anajua kiasi cha siku ya marejesho, basi.

Lakini sikutaka kumfanya mtu wa kuhurumiwa, na mwenyewe hakutaka. Akanieleza mkopo ulimfanyia nini. Zamani uzi alikuwa akiuchukua kwa mali kauli kutoka kwa mwenye duka mmoja sokoni. Mwenye duka anatoa uzi leo, na nguo ikiisha sharti auziwe yeye, kwa bei anayoitaja yeye. Alipopata zile 3,000 alienda kununua uzi kwa ratili, taslimu, rangi anazozitaka, na yule wa duka hakumsalimia mwezi mzima. Hapo mama alitabasamu mpaka nikaona jino la dhahabu. Kiasi kingine kilikwenda kwenye shule ya mtoto wa kiume. Kwenye fomu aliandika vyote ni vya biashara. Nikamwambia hata kwetu fomu zinaandikwa hivyohivyo.

Mwenye kufahamu historia ya mikopo hii atakumbuka kwamba ilianzia hasa kwenye shida kama ya uzi. Mwaka 1976, katika kijiji cha Jobra huko Bangladesh, Muhammad Yunus, mwalimu wa uchumi, alimkuta mwanamke anayetengeneza vigoda vya mwanzi. Mwanzi alikopeshwa na mchuuzi, na jioni kigoda alimuuzia mchuuzi yuleyule, akabaki na senti za kuhesabu. Yunus alitoa mfukoni dola 27, zikawatosha watu 42. Mfumo wote wa Grameen, benki aliyoianzisha, ambao baadaye ulizaa hata kampuni yangu ya Morogoro, umetoka kwenye kigoda kile. Sasa angalia: kigoda kilianzwa asubuhi na kuuzwa jioni. Kwa fundi wa namna hiyo, rejesho la kila wiki linaingia vizuri kabisa. Vilevile kwa vitumbua, kwa mkaa, kwa wale kina mama wa kando ya ziwa wanaouza chapati za mahindi alfajiri.

Huipil haiko hivyo. Ile aliyokuwa akiifuma, mama alisema, uzi wake ulimgharimu kama quetzal 400, na akipata mteja mzuri ataiuza 1,200. Miezi mitatu. Yaani 800 za kwake, kama dola 100 na ushei, kwa robo mwaka ya kupiga magoti. Katika miezi hiyohiyo mitatu Ijumaa tatu zimepita na daftari limeomba 1,110. Huhitaji semina ya hotelini kuona kwamba nguo hii haiwezi kuulipa mkopo ulioombwa kwa jina lake.

Nani analipa, basi? Binti ndiye aliyenionyesha. Ndani, kwenye nguzo ya kibaraza, palikuwa na kitanda kingine cha mfumi, chembamba, kimefungwa uzi wa rangi mbili tu. Hapo wanafuma chalina, yaani skafu za watalii, bila ndege wala nyota, mistari mitupu. Siku mbili imekwisha. Duka la gatini linampa 60 kwa moja. Chalina sita zinakaribia rejesho moja, ukijisahaulisha kwamba uzi nao umenunuliwa. Kwa hiyo mwezi unapangwa hivi: baada ya Ijumaa ya marejesho mama anarudi kwenye mti wa parachichi na huipil yake kama siku kumi. Kisha anaanza kuhesabu siku, anaivingirisha huipil, anahamia kwenye nguzo.

Nilikaa nikaliwaza jambo hili usiku kucha, kwenye kitanda cha mwenzangu ambacho miaka 11 hakijalaliwa na mwenyewe. Tunazoea kuuliza kama mkopo umemtoa mtu kwenye umaskini. Watafiti wameuliza sana; mwaka 2015 zilichapishwa tafiti sita kwa pamoja, kutoka Bosnia, Ethiopia, India, Mexico, Mongolia na Morocco, na jibu lake lilikuwa la katikati: faida kiasi, maisha hayakugeuka. Sijaona aliyeuliza mkopo umefanya nini kwenye kitambaa chenyewe. Mkopo huu ulisifiwa kwamba unalinda utamaduni, picha za wanawake waliovaa huipil zimejaa kwenye matangazo ya kuchangisha fedha, na hapo nyumbani tarehe za daftari zinamwambia mfumaji aache huipil afume mistari.

Na nafasi inayoachwa haikai wazi. Sokoni niliona blauzi za kitambaa cha kiwandani zilizopigwa chapa ya huipil, ndege walewale, nyota zilezile, rangi imekaa juu juu kama picha ya gazeti. Bei yake mtu anatoa mfukoni bila kufikiri. Binti mwenyewe siku ile alikuwa amevaa moja. Sikumlaumu, ni nyepesi na haichuji haraka. Ila nilimwona mama yake anavyoitazama.

Wafumaji wenyewe hawakukaa kimya. Mwaka 2016 kina mama wakiongozwa na chama cha wanawake cha AFEDES, cha mkoa wa Sacatepéquez, walikwenda Mahakama ya Katiba wakidai kwamba michoro yao ni mali ya jamii zao na sheria haiilindi, wakati wafanyabiashara wanaichukua wanavyotaka. Mwaka uliofuata mahakama ikalihimiza Bunge litunge sheria. Hawa ni wanawake wa nchi ambayo Sheria ya Madai yake, mpaka ilipobadilishwa mwishoni mwa miaka ya 1990, ilimruhusu mume kumkatalia mke kufanya kazi nje ya nyumba. Kufuma nyumbani hakukuwa na wa kukuzuia. Nadhani ndiyo sababu mojawapo iliyofanya kazi hii ibaki mikononi mwa wanawake.

Kuna upande mwingine wa mikopo ya huko ambao sikuusikia kwa mama, ila kwa dereva wa basi la kurudi Panajachel, na baadaye nikausoma. Nebaj, kwa Waixil, hela za mikopo midogo zilizoandikwa kuku na vitambaa ziliishia kuwasafirisha wanaume kwenda Marekani. Uchumi wa Marekani ulipoanguka mwaka 2008 kazi zikakosekana, hela za kutumwa zikakatika, na familia zilizoweka rehani shamba au nyumba zikajikuta zinadaiwa vyote. Mwenzangu wa Houston nilipomsimulia hili alikaa kimya, kisha akasema nauli yake yeye ilitoka kwa mjomba. Sikumuuliza zaidi. Mwaka 2023 Waguatemala walioko nje walituma nyumbani karibu dola bilioni 20. Kwenye bilioni hizo zimo na zile ambazo yeye huzituma kila Ijumaa ya pili inapokaribia, na hilo nimelijua baada ya safari, si kabla.

Mnaofanya kazi niliyoiacha, na najua mpo mnaosoma hapa, nitasema kama mtu wa ofisi. Wakulima wa ufuta na mahindi tunajua kuwapa mkopo wa msimu: wanarejesha wakivuna, hakuna anayewauliza Jumanne wakati mche una majani mawili. Huipil ina msimu wake. Mkeka una msimu wake. Mpeni mfumaji miezi minne bila rejesho, halafu alipe kwa mkupuo akishauza. Mtasema hatari ni kubwa. Hatari mmeshaihamishia kwake, hilo tu ndilo mlilofanya. Na wanunuzi nao wasijifiche nyuma ya taasisi za mikopo. Kanuni za Shirika la Biashara ya Haki Duniani zinamtaka mnunuzi wa kazi za mikono atoe angalau nusu ya bei mwanzoni, bila riba, mtengenezaji akiomba. Nusu ya 1,200 ni 600. Uzi ni 400. Hapo mkopo wa nini?

Siku ya mwisho nilimkuta mama kwenye nguzo, siyo kwenye mti. Ilikuwa Jumatano. Nikamuuliza ile huipil ya parachichi atauza lini, maana nilitaka kuinunua mimi na kulipa nusu kabisa, nimeshapiga na hesabu zangu. Akasema hiyo ina mwenyewe, mke wa mwalimu. Akamwambia binti kitu, binti akasita, kisha akapanda kiti na kushusha kutoka darini mfuko wa nailoni.

Ndani mlikuwa na huipil nyingine, imevingirishwa na vijiti vyake, uzi bado umetandikwa. Aliianza mwaka ambao mtoto wake mkubwa aliondoka. Ilikuwa imefika kama shibiri mbili. Ndege walikuwa wamejipanga safu saba, na kwenye safu ya nane palikuwa na mmoja mwenye kichwa na bawa moja. Nilimuuliza kama hiyo nayo imo kwenye daftari. Hakuelewa, binti akamtafsiria mara mbili. Akatikisa kichwa, akapitisha kidole kwenye nyuzi pale ndege alipokatikia, akihesabu kwa Kitz'utujil kwa sauti ya chini: alikuwa bado anakumbuka amefikia ngapi. Kisha akaivingirisha, akampa binti airudishe darini, akajifunga mkanda na kuendelea na chalina.